Ati mwenye nyumba hapati pesa za wazee?

Shangazi, shikamoo. Assalaam alaykum.

Mie ni msomaji wako wa Utaani, Wete. Nina miaka 43, nimeachika, nina watoto wawili, na huu ni mwaka wa sita niko nyumbani kwa mama. Nyumba ni ya marehemu baba. Aliijenga kidogo kidogo kwa pesa za karafuu, akaondoka mwaka 2011 uwani bado hakujapigwa lipu. Ametuacha watoto watatu: kaka mkubwa aliyeko Unguja, mie, na mdogo wangu wa kike aliyeolewa Konde.

Mama, kwa mujibu wa kitambulisho chake, atatimiza miaka 70 baada ya miezi minne. Mwenyewe anasema kashaipita zamani, kwani Mapinduzi yalimkuta ni msichana wa kutumwa kisimani na mdogo wake mgongoni. Tunaingoja hiyo sabini kama watu wanaongojea mwezi uandame, kwa ajili ya pesa za wazee. Si kwamba tunalala na njaa. Lakini mama ana presha na ana sukari, vidonge vingine hospitali havipo tunaambiwa tukanunue, na yeye hapendi kila mwezi kumpigia mtu simu kuomba. Elfu 50 mkononi mwake ni kitu kikubwa.

Sasa yametokea mawili kwa mpigo. La kwanza ni la jirani. Nyuma yetu anakaa bibi mmoja, rika la mama, kibanda chake cha udongo na makuti. Jioni moja tumekaa barazani tunachambua mchele, mama akasema amebakiza miezi minne. Yule bibi akacheka, akasema, "Nyie wenye bati mnazitaka na hizo? Hizo zetu sisi wanyonge. Akija mwandishi akaona matofali na umeme na friji, jina analifuta." Mama hakujibu. Tangu siku ile kapoa, na juzi kaniuliza kama kuchukua pesa hizo akiwa ana nyumba si haramu.

La pili ni la kaka. Alikuja Idi, na safari hii alikuja na karatasi. Ana rafiki yake anaishi Melbourne, Australia, humtumia sauti za WhatsApp. Huyo rafiki kamwambia kwamba kule mzee hapewi pensheni mpaka wamhesabie mali zake, na mwenye nyumba kiwango chake ni kingine. Kaka anasema serikali zote zinaigana, huku nako yanakuja, tujihami mapema. Karatasi yake imekwishapigwa chapa: mama anampa yeye nyumba yote kuwa ni hiba, "ili jina la mama litoke." Anasema ni jina tu, mama atabaki chumbani mwake mpaka siku yake. Mama husoma herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu zinampa shida. Akaniuliza, "Nitie dole?" Nikamwambia tungoje. Kaka akapandisha, akasema namzuilia mama riziki yake kwa tamaa ya nyumba.

Nisimdhulumu kaka. Bati za sasa kazitia yeye, na pesa za matumizi analeta anapopata. Pia nikwambie kwamba chumba cha mbele tumempangisha fundi cherehani, elfu 40 kwa mwezi, na pesa hiyo anatumia mama.

Naomba uniambie: ni kweli mwenye nyumba hapati? Na kama anapata, ni haki mbele ya yule jirani? Na karatasi hii tuifanye nini? Kaka anarudi kuifuata.

Ni mie,
Mngojea sabini, Wete

*

Marahaba mwanangu. Waalaykum salaam.

Karatasi kwanza, mengine yatafuata. Iweke mbali na wino. Usiichane, usigombane nayo, usiifiche chini ya godoro ukaja kuitwa mwizi. Iache mezani, na mama asitie dole wala jina, awe amesomewa au hajasomewa. Nitakwambia kwa nini, na sababu yenyewe si pensheni.

Pensheni ni jambo jepesi. Hizi pesa za wazee, kwa jina lake la serikalini Pensheni Jamii, zilianza kulipwa Zanzibar Aprili 2016, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein. Zilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye zikapandishwa hadi 50,000. Hazitokani na michango ya mtu kazini, kama zile za Mfuko wa Hifadhi ya Jamii zinazomhusu aliyeajiriwa akakatwa mshahara. Hizi hulipwa na serikali kutoka katika fedha zake, na ndiyo maana mkulima, mvuvi, mama lishe na yule ambaye maisha yake yote hajawahi kuiona karatasi ya mshahara wanasimama safu moja na karani mstaafu. Kinachotazamwa ni kwamba umefika miaka 70 na kwamba ni mkaazi wa hapa. Paa lako halimo. Friji lako halimo. Chumba cha fundi cherehani hakimo.

Kwa hiyo kaka yako anataka kukimbiza nyumba isiyofukuzwa na mtu.

Jirani yenu naye hakuyatunga kichwani. Kuna mpango mwingine, ule wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na huo uko Unguja na Pemba kama ulivyo Bara. Huo ndio unaopima umaskini. Watu hukaa mkutanoni katika shehia wakataja kaya zilizo taabani, kisha huja dodoso linalouliza ukuta wa nini, paa la nini, choo cha namna gani, mnalala wangapi. Mtu akishaona jirani yake kaachwa kwa sababu ya bati, akili humwambia kila pesa ya serikali inakwenda hivyo hivyo. Barazani hizi zote huitwa "pesa za serikali" na zinachemshwa chungu kimoja. Lakini TASAF inatazama kaya na hali yake. Pensheni Jamii inamtazama mzee na umri wake. Mfafanulie hivyo, na kwa upole, maana nina neno jengine juu yake huko mbele.

Sasa hiyo Melbourne.

Rafiki wa kaka hakusema uongo, kasema nusu. Australia wana pensheni ya uzee tangu 1909, na leo anayeipata ni aliyefika miaka 67. Mama yako angekuwa kule angekuwa mwaka wa tatu huu anaipokea. Ni kweli wanahesabu mali: pesa benki, gari, hisa, nyumba ya pili ya kupangisha. Nyumba anayoishi mzee mwenyewe hawaihesabu, pamoja na kiwanja chake hadi hekta 2. Wanachofanya ni kuweka mistari miwili. Kwa viwango vya Julai 2024, mzee asiye na mwenza, mwenye nyumba yake, aliruhusiwa kuwa na mali nyingine hadi dola 314,000 kabla pensheni haijaanza kupunguzwa. Asiye na nyumba aliruhusiwa hadi dola 566,000. Ukipita mstari wako, kila dola 1,000 ya ziada inakukata dola 3 katika malipo ya kila wiki mbili. Basi hapo ndipo nyumba inapogusa pensheni yao: mwenye nyumba anaachiwa akiba ndogo zaidi kwa sababu halipi kodi ya pango. Hafutwi jina.

Na hata hivyo wanagombana. Tofauti ya mistari ile miwili ni dola 252,000, iwe nyumba yako inaitazama bandari ya Sydney na thamani yake ni mamilioni, au ni kijumba cha mbao katika mji wa vumbi huko ndani. Wapo wanaosema si haki mpangaji mwenye akiba yake benki akatwe, na bibi wa nyumba ya mamilioni apokee kamili kwa kuwa mali yake ina madirisha. Wapo wanaojibu kwamba bibi yule hawezi kung'oa dirisha akaenda nalo dukani. Serikali yao ikaweka na njia ya katikati: mzee mwenye nyumba anaweza kukopa serikalini kwa dhamana ya nyumba, ale, na deni lilipwe nyumba ikija kuuzwa. Deni hilo lina riba juu yake. Hebu ujipe picha unampelekea mama yako habari hiyo barazani Wete, kwamba atakopa kwa riba na nyumba ya marehemu ndiyo itakayolipa. Mie singekuwepo kusikia jibu lake.

Kuna kipande kimoja ambacho rafiki wa kaka angekisema, ile karatasi isingepigwa chapa. Kule ukigawa mali yako ili uonekane huna, hawakubali. Unaruhusiwa kutoa dola 10,000 kwa mwaka, na isizidi 30,000 katika miaka mitano. Kilichozidi hapo wanaendelea kukihesabu kuwa ni chako kwa miaka 5. Wameshawaona watoto wa watu na karatasi zao. Kwa hiyo ujanja wa kaka yako huku hauhitajiki, na kule anakoutoa haufanyi kazi.

Nije kwenye nyumba yenyewe, maana hapa ndipo barua yako iliponikalisha kitako. Umeandika "nyumba ya marehemu baba." Jirani anasema mama ni "mwenye nyumba." Kaka anataka mama "ampe nyumba yote." Nyie watatu mnazungumza nyumba tatu mbalimbali. Baba kafariki 2011 na hukuniambia kama mirathi iligawiwa, nami nitachukulia haikugawiwa, kama zilivyo nyumba nyingi huko na huku kwetu. Nachukulia pia kwamba wazazi wa baba walikuwa wameshatangulia, na mama alikuwa mke wake wa pekee. Kama si hivyo, hesabu itabadilika.

Mke mwenye watoto fungu lake ni thumni, moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume sehemu mbili, wa kike moja. Ikateni nyumba mafungu 32. Mama ana 4. Kaka ana 14. Wewe 7, na mdogo wako wa Konde 7.

Rudia kuzitazama namba hizo. Huyu mama anayeonewa haya barazani kwa kuwa na nyumba ana mafungu manne katika thelathini na mbili. Hata ile elfu 40 ya fundi cherehani, ukienda kwa fungu, yake ni elfu 5. Kaka yako 17,500, na nyie wawili 8,750 kila mmoja. Mnamwachia yote kwa ridhaa yenu na ni jambo jema, lakini ni ridhaa yenu. Na kaka, kwa sheria anayoiogopa yeye mwenyewe, ndiye angeandikwa mwenye nyumba kuliko mtu yeyote mle ndani.

Ndiyo maana nikasema wino ukae mbali. Mama hawezi kumpa mtu kisicho chake. Mafungu 28 si yake kuyatoa. Akitia dole kwenye karatasi isemayo "natoa nyumba yangu yote," kwanza ameshuhudia jambo lisilo kweli, na pili amefunika 14 ya mabinti zake chini ya dole lake mwenyewe. Huenda kaka hakukusudia hayo. Watu wengi wa kwetu wanaamini kwa dhati kwamba nyumba ni ya mama mpaka mama afe, kisha ndiyo inakuwa mirathi ya baba. Lakini karatasi haiulizi nia ya mtu. Mwaka wa kumi watakaoisoma ni wajukuu.

Na ukiliona hilo, utaona pia kwa nini mie niko upande wa kuiacha nyumba nje ya hesabu ya pensheni hapa kwetu, hata siku moja wakubwa wakishawishika kuiingiza. Nyumba ya nani watahesabu? Nyumba za Utaani, za Bopwe, za Jang'ombe, nyingi ziko kama yenu, mzee kakaa ndani yake, jina la marehemu liko kwenye waraka kama waraka upo, na warithi wametapakaa mpaka Muscat. Ardhi yenyewe chini yake, kwa sheria ya 1992, ni ya umma. Mtu ana haki ya kuitumia. Wakimaliza nyumba watakuja kwenye mikarafuu, na hapo ndipo kalamu itakapovunjika, maana Pemba mti unaweza kuwa wa huyu na shamba la yule.

Nilikuwa na ami yangu Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba ya ghorofa, mlango wa nakshi, wageni walisimama kuupiga picha mpaka yeye kutoka nje ikawa kazi. Mtu akipita anasema huyu tajiri. Ndani, ngazi ya tatu kutoka juu ilikuwa imeliwa na mchwa, na sote tuliijua na kuiruka, hata watoto. Mvua ikinyesha tunapanga ndoo na masufuria, na ami anahamisha kitanda kwa kukivuta kidogo kidogo kwa mguu, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa hauna nguvu. Mji ule tangu 2000 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO, kwa hiyo hata kubadilisha dirisha lazima upite kwenye vibali. Kuuza hawezi, wenziwe katika ile nyumba walikuwa kumi na moja. Kupangisha hawezi, nani atapanga chumba chenye ndoo. Asubuhi anakula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Siku nilipomsindikiza kuchukua pesa za wazee alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya kiua, na nyuma yetu nikasikia mtu ananong'ona, "Na yule naye, na ghorofa yake!" Ami alisikia. Hakugeuka. Alipopokea alizihesabu noti mara mbili akazitia mfuko wa ndani wa kanzu, na njia nzima mpaka Darajani mkono wake ulikuwa juu ya ule mfuko. Paa halitiwi chunguni, mwanangu.

Utaniuliza, na mwenye hoteli ya pwani aliyefika sabini naye anapokea? Anapokea akitaka, na mie linaniudhi kama linavyokuudhi. Lakini ili kumkamata huyo mmoja, itabidi mtu apite nyumba kwa nyumba akafunue masufuria ya mamia ya wazee wasio na kitu, na apitapo huyo nani ataandikwa na nani ataachwa itategemea anajuana na nani. Mwenye hoteli mkamateni kwenye kodi. Wakenya walianza kwa kuwachagua wazee maskini, kisha 2018 wakafungua kwa kila aliyefika 70 asiye na pensheni nyingine ya serikali. Wao nao wameona kazi ya kuchagua ilivyo.

Haya, jirani. Unaniuliza kama ni haki mbele yake, na mama anauliza kama ni haramu. Haramu ingekuwa mama kusema uongo: kujiongezea umri, kuchukua jina la maiti, kuchukua mara mbili. Kuchukua alichowekewa kwa haki kwa umri wake si haramu. Lakini usimchukulie yule bibi kuwa ni hasidi. Anayekaa chini ya makuti mvua za masika anajua kitu kuhusu paa ambacho mie na weye hatukijui, na neno lake ndilo lile lile linalosemwa na mpangaji wa Sydney, kwamba mwenye pa kulala na asiye na pa kulala wasihesabiwe sawa. Ana hoja. Ila hoja yake inajibiwa kwa kumwongezea yeye, na haijibiwi kwa kumpunguzia mama yako.

Sasa lile neno langu. Umesema ni rika la mama. Je, yeye anapokea? Mara nyingi anayezitolea macho pesa za mwenzake ni yule ambaye jina lake halimo. Pengine hana kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Pengine anacho na mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwa kukisia, kama wa mama yako, kwa kuwa siku zile watu walizaliwa "mwaka wa njaa" au "kabla ya Mapinduzi" na karani akaandika kilichomjia. Muulize, msiwepo wengi. Kama jina halimo, shika mkono wake mwende kwa sheha siku hiyo hiyo mnayokwenda kwa ajili ya mama. Na kama kibanda chake hakijawahi kuingia katika TASAF, muulizie na hilo, kwani huko ndiko makuti yake yanakohesabiwa. Mama akitaka kumpa kitu katika elfu 50 yake ya mwanzo, ampe, na ampe kwa siri. Asitoe kama faini ya kuwa na bati.

Kuhusu umri wa mama, msipoteze nguvu na habari za kisimani. Kinachosomwa ni kitambulisho. Miezi minne haiko mbali, na kuanza kukimbizana na kusahihisha tarehe sasa kunaweza kukuchelewesheni zaidi ya hiyo miezi. Angalieni tu kwamba jina la kwenye kitambulisho linafanana na karatasi zake nyingine, herufi kwa herufi. Huko ndiko watu wanakokwama.

Kaka usimfuate kwa maneno ya WhatsApp. Akija, mkaribishe, mpe chai, na mbele ya ami yenu au mtu mzima mwengine anayemheshimu mwambie kwamba umeuliza na umeambiwa pensheni haitazami nyumba, kwa hiyo sababu ya karatasi imeondoka. Nyamaza hapo. Akisema "basi vizuri," yamekwisha, na alikuwa na hofu tu. Akianza kutafuta sababu nyingine, umeshajua karatasi ilikuwa ya nini.

Mkikaa hapo hapo zungumzeni bati. Pesa aliyoitia juu ya nyumba ya watu wanne aliitia kwa niaba gani? Kama alimpa mama, alimpa, na Mungu atamlipa. Kama alitaka irudi, aseme ilikuwa kiasi gani na warithi mkubaliane iandikwe. Dukuduku la bati likikaa miaka kumi ndilo linalokuja kuzaa hiba za ghafla.

Kisha mirathi. Najua hamtaki, hakuna anayetaka, kugawa nyumba mama yu hai ndani kunaonekana kama kumfukuza. Kujua mafungu si kuuza. Mnakwenda kwa Kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo nayo husimamia mirathi, mnaandikiwa nani ana nini, na pamoja nayo nyie watatu mnaandika kwamba mama atakaa mle na kodi ya chumba cha mbele ni yake muda wote wa uhai wake. Hapo ndipo "mama atabaki chumbani mwake" inapokuwa na nguvu. Sasa hivi ni ahadi ya mdomo ya mtu mmoja, na huyo mmoja ana mke na watoto wenye midomo yao.

Mama akipenda kutoa lile thumni lake kabla ya siku yake, ni lake. Ila akitoa, awatazame wote watatu. Mtume (SAW) alikataa kushuhudia zawadi ya baba aliyempa mwanawe mmoja akawaacha wengine, na mama anayesoma herufi za Kiarabu hilo hahitaji kusomewa na mie.

Na weye, mwanangu, usidhani nimekusahau. Kaka amekutukana tamaa, nami sikuoni na tamaa katika barua hii. Lakini una mafungu saba, na mwaka wa sita unakaa wewe na watoto wako kwenye nyumba ya mafungu 32. Unamuuguza mama, na hilo lina uzito wake. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja la mdogo wako. Umeandika kaolewa Konde, basi. Ana sawa na wewe, saba kwa saba, na hakuna aliyemuuliza chochote: si kaka na karatasi yake, si wewe na barua yako. Mpigie simu leo, kabla kaka hajamfikia.